Dereva wa mbio hazikwi kwa mkondo mmoja

Kwako Mhariri,

Nilisoma ukurasa wenu wa michezo nikiwa gereji, gazeti nimelitandaza juu ya boneti ya Probox ya mteja (asinisikie). Mliandika habari za kijana mmoja wa humu nchini aliyepinduka katika mkondo wa pili (mkondo ni kipande cha barabara kinachopimwa kwa saa) akatoka mashindanoni. Kichwa cha habari kilitangaza kwamba ndoto yake imezimika, na chini yake mkaweka picha ya gari likiwa chali, magurudumu juu. Nilitafuta kilichovunjika, sikukiona. Nikatafuta kama keji, ile fremu ya vyuma ya ndani inayomlinda dereva, imepona, nani atalipia, na kama atarudi raundi ijayo. Hakuna. Kijana kazikwa kwa picha moja.

Mimi ni fundi wa Nakuru. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye vikosi vya sevisi vya madereva wetu, tukilala ndani ya pikapu na kula chapati za jana ili gari litoke kwa wakati. Mbio zenyewe sijawahi kuendesha, na kiti cha dereva hukikalia tu wakati wa kulishusha gari kutoka kwenye trela. Hata hivyo nimewaona wakipanda na kushuka kwa karibu kuliko wengi wanaowaandika, na neno langu ni hili tu: kazi ya dereva wa mbio husomwa kwa miaka. Anayeisoma kwa wikendi moja atawazika watu wakiwa hai.

Nianze na Safari Rally ya Juni 2021, ile iliyorudi kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya miaka 19. Wengi wenu mlikuwa Naivasha na mliona. Ijumaa, Elfyn Evans wa Wales aligonga jiwe, sasipensheni ikaenda. Siku hiyo hiyo, kwenye mkondo wa Kedong, Kalle Rovanperä wa Finland, kijana wa miaka 20 aliyekuwa mbele kabisa ya wenzake, alizama kwenye lile vumbi laini kama unga wa ngano, gari likagoma kwenda mbele wala nyuma. Vumbi hilo halichezewi. Huingia kwenye chujio la hewa, injini ikakosa pumzi, na gari likishalalia tumbo hakuna ufundi wa usukani utakaolitoa. Halafu Jumapili asubuhi, Thierry Neuville wa Ubelgiji akiwa anaongoza kwa karibu dakika nzima, sasipensheni ya Hyundai yake ikavunjika kwenye mkondo wa Loldia, mchezo ukaisha kwake akiwa ameshaanza kuonja kombe. Sébastien Ogier akashinda, Takamoto Katsuta wa pili.

Watu watatu, aibu tatu, wikendi moja. Lau ukurasa wenu ungewahukumu siku ile, wote wangekuwa kaburini. Rovanperä alivutwa akatolewa mchangani, akarudi siku iliyofuata na bado akamaliza wa 6. Mwaka uliofuata akashinda Safari hiyo hiyo, na mwaka huo huo akawa bingwa wa dunia siku moja tu baada ya kutimiza miaka 22. Hakuna aliyewahi kuubeba ubingwa huo akiwa mdogo hivyo. Neuville alikuwa ameshakuwa wa pili kwenye ubingwa wa dunia mara tano, 2013 halafu 2016 hadi 2019 mfululizo, na watu walishaanza kusema huyu nyota yake ni ya namba mbili. Akachukua ubingwa 2024. Evans naye, aliyegonga jiwe, akashinda Safari 2025.

Mtasema hao ni Wazungu, wana viwanda nyuma yao. Kweli, na huko nitafika. Kwanza nimtaje wa nyumbani.

Shekhar Mehta alizaliwa Kampala 1945 katika familia ya wenye mashamba makubwa. Mwaka 1971 alikuwa wa pili kwenye Safari, nyuma ya Edgar Herrmann, wote wawili wakiendesha Datsun 240Z. Ungedhani mwaka unaofuata ni wake. Mwaka uliofuata ndio Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Mehta na jamaa zake wakahamia Kenya. Mtu wa mbio huhesabu sekunde, na huyu ghafla ana kazi ya kuhesabu alichobaki nacho.

Pasaka ya 1973 akashinda. Lakini alishindaje? Wakati ule Safari ilihesabiwa kwa pointi za adhabu: ukichelewa kufika kituo cha ukaguzi unaandikiwa, na mwisho mwenye adhabu chache ndiye mshindi. Baada ya maelfu ya kilomita za matope, mawe na usiku bila kulala, Mehta na Harry Källström wa Sweden, naye kwenye Datsun, walirudi Nairobi wakiwa na adhabu sawasawa. Ilibidi kanuni ya kuwatenganisha waliolingana ndiyo iamue, na ikamwangukia Mehta. Huo ulikuwa mwaka wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa mbio za magari, kwa hiyo jina lake liliandikwa kwenye daftari la dunia kwa wino mwembamba sana. Akishuka mtu jukwaani na ushindi wa namna hiyo, lazima wapo wanaonong'ona.

Na minong'ono ilipata muda wa kunenepa. Pasaka ya 1974 alishinda Joginder Singh. 1975, Ove Andersson. 1976, Joginder tena. 1977, Björn Waldegård. 1978, Jean-Pierre Nicolas. Pasaka tano Mehta hakuliona kombe. Tano! Hebu niambieni, kwa mtindo wenu wa sasa, mngemwandika mara ngapi kwamba 1973 ilikuwa bahati nasibu?

Kisha ikaja 1979. Akiwa na mwelekezi Mike Doughty, yule anayeketi kando ya dereva na kumsomea barabara, katika Datsun iliyoonekana gari la kawaida kabisa la mwalimu au karani, akashinda. Akashinda 1980. Akashinda 1981. Mwaka 1982 akashinda ya nne mfululizo, na aliyemaliza nyuma yake ni Walter Röhrl, ambaye mwisho wa mwaka ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia. Hadi leo hakuna mwingine aliyeshinda Safari nne kwa mpigo. Jumla yake ni tano, idadi ambayo Carl Tundo wetu aliifikia 2018, wakati Safari ilikuwa ya ubingwa wa Afrika.

Mimi nilikuwa mtoto wa shule enzi hizo. Pasaka ilikuwa barabara. Tulitengeneza magari ya waya yenye usukani mrefu, na ugomvi mkubwa ulikuwa nani awe Mehta, nani awe Joginder. Magari yenyewe yalipita usiku. Kwanza unasikia mlio ng'ambo ya kilima, halafu mwanga wa taa za mbele unapanda kwenye miti, halafu vumbi linakula kijiji kizima na nyinyi mnabaki mnakohoa na kucheka. Wazee walikuwa na redio, Sauti ya Kenya, na matokeo yalitufikia vipande vipande. Sikumbuki hata mmoja wao aliyesema dereva fulani kaisha kwa sababu kavunja ekseli. Walisema "mwaka huu imemkataa," wakangoja Pasaka nyingine.

Nao ulipofika mwisho wa Mehta, haukuja polepole. Mwaka 1987 alikuwa kwenye timu ya Peugeot, mbio za Pharaohs jangwani Misri, akapata ajali mbaya iliyomvunja vibaya na kuikata kazi yake ya udereva. Alikuwa na miaka 42 hivi. Hakurudi kwenye usukani wa mashindano, lakini mchezo hakuuacha: aliingia kwenye uongozi, hadi akaongoza tume ya mbio za magari ya shirikisho la dunia, FIA. Alifariki London, Aprili 2006. Safari ilikuwa nje ya ratiba ya dunia baada ya ile ya 2002, kwa hiyo yeye aliyeishinda mara tano hakuiona ikirudi. Hilo huwa linaniuma kidogo kila ninapopita pale Naivasha.

Na Joginder, kwa sababu sisi mafundi hatuwezi kumruka. Mzaliwa wa Kericho, fundi kabla ya kuwa dereva, aliyeshinda Safari ya 1965 na nduguye Jaswant kwenye Volvo iliyokwisha kutumika. Ushindi uliofuata ukaja 1974, miaka tisa baadaye. Watu humsifu kwa kasi. Mimi humsifu kwa sababu alijua gari linalalamikia nini kabla halijavunjika, na ndiyo maana alianza Safari mara 22 akamaliza mara 19. Waldegård naye, bingwa wa dunia wa 1979, alishinda Safari ya 1990 akiwa na miaka 46, umri ambao ofisi nyingi zimeshaanza kukutafutia zawadi ya kustaafu. Rekodi yake ya mshindi mzee kuliko wote katika mbio za ubingwa wa dunia ilikaa hadi 2022, Sébastien Loeb alipoivunja kwenye mbio za Monte Carlo akiwa na miaka 47.

Sasa pesa, maana ndipo ulipo mfupa.

Dereva wa kiwanda akivunja gari Jumapili, Jumatatu anapigiwa simu na mhandisi kuulizwa kona ilikuwaje. Dereva wetu akivunja gari Jumapili, Jumatatu anapigiwa simu na anayemdai. Gari jipya la daraja la Rally2 ni zaidi ya yuro 200,000, na hapo hujanunua tairi, hujalipa petroli, hujamlipa mwelekezi, hujakodi lori la kulibeba. Wachache wenye familia zenye biashara wanaweza. Wengine wote wanategemea mdhamini, na mdhamini anasoma gazeti lenu.

Nitawaambia lililotupata, bila majina. Nilikuwa fundi wa dereva mmoja kijana, mwepesi kweli, anayejua kusoma barabara. Kampuni moja ilimdhamini, wakabandika nembo yao mlangoni na kwenye boneti. Raundi moja akapinduka kwenye kona iliyojificha nyuma ya kichuguu. Yeye na mwelekezi walitoka wenyewe, wakitetemeka, wazima. Asubuhi iliyofuata picha ikawa gazetini, nembo ya mdhamini imeangalia mbinguni kichwa chini, inasomeka vizuri kuliko siku zote. Kabla hatujalifikisha gari gereji, simu ikaja kutoka ofisini kwao. Hawakuuliza kama kijana kaumia. Waliomba stika zitolewe. Nilizibandua mwenyewe, kwa maji moto na ukucha, ili nisichubue rangi ya bodi ambayo hata hivyo ilikuwa imekunjamana yote.

Watu hudhani gari lililopinduka hunyooshwa tu na fundi wa bodi likarudi. Gari la mbio lina keji ya vyuma ndani, na keji ikipinda pale inapobeba uzito, bodi nzima ni ya kutupa. Mkaguzi hataipitisha, na mimi nisingemruhusu mtu aketi ndani yake. Kwa hiyo tulianza kufungua. Injini pembeni, giaboksi pembeni, shokabzoba zilizopona zikafungwa kwenye gunia. Giaboksi iliuzwa kulipa lori. Shokabzoba zikauzwa kulipa hospitali ya mwelekezi, ambaye shingo ilianza kumsumbua baadaye. Kijana akarudi kuendesha magari ya mizigo ya mjomba wake, Nakuru hadi Malaba. Misimu kadhaa hakuonekana, na nyinyi hamkumtafuta.

Alirudi na gari dogo la kusukumwa na magurudumu ya mbele, la mitumba, na nikamwona ni dereva mwingine. Zamani alikuwa akila tairi hadi waya unaonekana. Lori lilimfundisha kwamba kila kitu chini yake kinalipiwa na mtu. Sasa anashika breki mapema, anaachia gari liteleze lenyewe, na mwisho wa mkondo unakuta saa yake inawashinda wenye magari makubwa yaliyokwama. Hayo hayakuandikwa popote. Kupinduka kulikuwa na picha. Kukomaa hakuna picha.

Mwaka 2022 vijana wetu watatu, McRae Kimathi, Hamza Anwar na Jeremiah Wahome, walipata Ford Fiesta za Rally3 na nafasi ya kupambana na wenzao wa dunia. Kimathi akapelekwa Sweden mwezi Februari, kwenye theluji, yeye aliyelelewa na vumbi. Nilisoma watu wakilinganisha muda wake na wa vijana wa kule kaskazini kana kwamba walianza siku moja. Rovanperä huyo huyo alionekana kwenye video akiendesha gari akiwa na miaka minane, na baba yake, Harri, ndiye aliyemaliza wa pili nyuma ya Colin McRae kwenye Safari ya 2002, ile ya mwisho kabla ya Kenya kutolewa kwenye ratiba. Mtoto wa namna hiyo anakunywa mchezo na maziwa. Wetu anaonja barafu siku ya kazini, na akifika mwisho mnamuuliza kwa nini hakuwa wa kwanza.

Patrick Njiru, kama mmesahau, alimaliza wa 4 kwenye Safari ya dunia ya 1994, katika Subaru, mwaka ambao Mkenya mwenzake Ian Duncan alishinda na Toyota. Hakuamka asubuhi moja akawa hapo. Duncan pia: baada ya ushindi huo mkubwa alikuja kukaa miaka mingi nje ya macho ya dunia, kisha akashinda Safari ya magari ya zamani 2009 na akairudia 2013. Kati ya hapo, kama mtu angetegemea kurasa za michezo, angedhani amehama nchi.

Sisemi msiandike ajali. Andikeni. Ila gari likisimama, muulizeni fundi lilisimama kwa nini, mkaandike. Kuna tofauti kubwa kati ya dereva aliyekata kona akapiga jiwe alilosomewa na mwelekezi, na yule ambaye bushi ya elfu mbili ilikatika ikaua wikendi ya mamilioni. Wa kwanza ana la kujibu. Wa pili mnamwonea. Na kuna yule anayesimamisha gari mwenyewe kwa sababu rejeta inavuja na akiendelea ataua injini ambayo hana pesa za kununua nyingine. Huyo mkimwita mwoga mnakosea, huyo amehifadhi msimu wake.

Na waelekezi, jameni. Mike Doughty alikuwa kiti cha kushoto au cha kulia katika ushindi wote wanne wa Mehta wa 1979 hadi 1982, na hata watu wazima wa mchezo huu ukiwauliza jina lake wanakuna kichwa. Huyu ndiye anayesoma kona, anayehesabu dakika za vituo, anayejua kwamba ukiingia kituoni mapema unaadhibiwa dakika nzima kwa kila dakika, na ukichelewa sekunde kumi kwa kila dakika. Mara nyingi ndiye anayeamua kama sisi mafundi tutaambiwa tuache kufunga boliti ya mwisho au tuendelee.

Jioni moja, Naivasha, tulikuwa na dakika 45 za kubadilisha giaboksi. Gari lilifika linawaka joto. Ukigusa chuma cha chini, ngozi inabaki pale. Mmoja wetu alilala chini akipokea giaboksi kifuani kwa sababu jeki ndogo ilikuwa imekwama, mwingine akilenga shafti iingie kwenye klachi, mwelekezi amesimama na saa anataja dakika kwa sauti ya mtu anayeuza nyanya. Dereva alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, helmeti miguuni, haongei na mtu. Alikuwa ameshajua kwamba kesho hatashinda kitu, gari limeshapoteza muda mwingi. Alichotaka ni kuanza kesho. Tulitoka tumechelewa dakika chache, akapigwa adhabu yake, akaanza. Kwenye matokeo yenu alikuwa jina moja chini sana ya ukurasa, kwa herufi ndogo. Kwetu sisi ile ilikuwa siku nzuri kuliko siku nyingi za vikombe.

Nina ombi dogo kwa mhariri wa michezo. Raundi ijayo ya ubingwa wa taifa, mtumeni mwandishi aje sehemu ya huduma badala ya kungoja kwenye jukwaa la mwisho. Huyo kijana mliyemzika atakuwepo; nasikia amepata bodi ya kuazima kutoka kwa dereva aliyestaafu na injini yake ilipona. Mwandishi avae viatu vilivyofunika vidole, asisimame nyuma ya gari lililo juu ya jeki, na akitaka kumuuliza dereva swali angoje kwanza avue helmeti. Chai tunayo. Chapati zitakuwa za jana.

Fundi wa magari ya mbio,
Nakuru